Fundo la Bafta

Nikisikia harufu ya ubani juu ya chokaa iliyolowa umande, mpaka leo mimi hukunja ngumi. Hiyo ni harufu ya makaburi ya kale ya Tongoni, kijiji nilichozaliwa, kusini mwa mji wa Tanga. Ni makaburi ya mawe, mengine yenye minara, mengine minara yake ilianguka zamani mno, na mizizi ya miti imepenya katika kuta zake. Wageni huyaita magofu. Sisi hatukuyaita hivyo, maana gofu ni nyumba iliyohamwa, na pale hapakuhamwa. Mama zetu walikwenda kila walipofikwa na shida, wakafukiza ubani, wakafunga kitambaa cheupe cha bafta kwenye mti uliootea ukutani na kuweka nadhiri. Kitambaa cha nadhiri hakiguswi na mtu mwingine. Aliyekifunga ndiye hurudi kukifungua, haja yake ikishatimia.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Mama yangu alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo alikuwa amezika watoto wawili, hata majina hawajapewa. Safari hii alikwenda makaburini kufunga bafta yake, nami nikamshikia chetezo cha ubani. Alifunga fundo legevu, la kuvutwa mara moja likaachia. Akaniambia, "Fundo la uzazi halikazwi, mwanangu. Ukilikaza, na mtoto hukazwa." Nilimsikia vizuri kabisa, ndiyo maana sina wa kumlaumu.

Wiki chache baadaye akaja mpiga picha kutoka mjini, mzee mnene mwenye kofia ya kiua, kamera yake ya miguu mitatu ameifunga nyuma ya baiskeli. Riziki yake ilikuwa kupiga picha za maharusi, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye majengo: milango, baraza, misikiti iliyobomoka. Nilimwamkia shikamoo, naye papo hapo akanipa kazi. Alitaka nisimame kando ya ukuta mmoja ili watu wapate kujua kimo chake. Akajifunika kitambaa chake cheusi, akachungulia, kisha akatoa kichwa amekunja uso.

"Binti, hebu niondolee tambara hilo mtini. Lanichafulia ukuta."

Tambara lenyewe ndilo ile bafta ya mama. Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa mtoto msikivu kupita kiasi. Nikavuta fundo, likaachia, nikakificha kitambaa ndani ya ngumi. "Usipumue," akasema. Nami sikupumua.

Alipokwisha ondoka, hofu ikanivaa. Nikakirudisha kitambaa pale pale mtini, na kwa kuogopa upepo usije ukakipeperusha, nikakifunga mafundo matatu na kuyakaza kwa meno. Nyumbani, kila mara mama aliposhika kiuno akaguna, mimi nilikwenda kujificha nyuma ya jiko.

Uchungu ulimshika Jumatano alfajiri, na hadi Alhamisi mchana mtoto alikuwa hajazaliwa. Nilikaa uani nikiisikiliza sauti ya mama inavyopungua, na kule kupungua kuliniogopesha kuliko mayowe. Mkunga akatoka, jasho linamtiririka, akamwambia bibi yangu, mzaa mama, "Fungueni kila kilichofungwa humu ndani." Bibi akafungua makasha na madirisha, akafumua nywele za mama, hata mbuzi akamfungua kamba, naye akaenda zake kwenye mihogo ya jirani. Kisha akanigeukia.

"Nawe, fungua hiyo kanga. Kuna kingine kilichofungwa?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Watu husema mficha uchi hazai. Siku ile mficha nilikuwa mimi, na asiyezaa alikuwa mama yangu.

Nikatoka mbio. Jua lilikuwa la utosi, saa ambayo mtoto hakanyagi makaburini, kwani tuliambiwa ndipo majini hutembea. Hapakuwa na mtu. Kivuli changu kilikuwa kimejikusanya chini ya nyayo, na mjusi alipokwaruza chokaa nilidhani nimeitwa jina. Mafundo yalikuwa yamekakamaa kwa umande na jua. Nikavunja kucha. Nikatumia meno, nikalia, nikawaambia wenye makaburi kwa sauti, "Ni mimi. Si mama." La kwanza likaachia, kisha la pili. La tatu lilipoachia, kitu kikaanguka majanini nyuma yangu, pengine jiwe tu. Sikugeuka kutazama.

Nilipofika mlangoni, mtoto alikuwa analia. Bibi aliiona bafta mkononi mwangu, akaitambua. Akanizaba kofi moja, kisha akanikumbatia huku analia. Aliirudisha mtini kwa fundo legevu ili mama aje kuifungua mwenyewe, na hakumwambia hata siku moja, wala mimi sikumwambia.

Baadaye nami nikawa mpiga picha. Nimepiga picha misikiti ya Kigombe, baraza za Tanga mjini, na wauza machungwa wa Muheza mbele ya maduka yao. Vijana wa leo hupiga picha ya nyumba kwa simu, kisha kwa kidole wakafuta nyaya za umeme na nguo zilizoanikwa, ukuta ukabaki mtupu na safi. Wanafanya hivyo bila woga wowote, na nawaonea wivu kidogo. Mimi sisogezi hata ndoo. Daktari wa siku hizi angenieleza kilichomchelewesha mama, na huenda maelezo yake ni ya kweli. Lakini hata kamba ya viatu siikazi nikiwa kwa mjamzito.

Picha aliyonipiga mzee yule ilitufikia, na sasa imetundikwa sebuleni kwa mdogo wangu, yule aliyezaliwa Alhamisi ile, ambaye leo ana wajukuu. Kila mgeni huusifu ukuta. Idi iliyopita mdogo wangu alivaa miwani, akasogea karibu, akaweka kidole juu ya ngumi yangu, mahali panapochungulia kitu cheupe kati ya vidole.

"Dada, hapa umeshika nini?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza. Nikaketi kwanza.

"Hapo," nikamwambia, "nimekushika wewe."