Kabureta Mbili za Gari la Shefu

Fundi aliyenifunza kazi kule Lubumbashi alikuwa na sheria moja: usimalize kutengeneza. Acha ubovu mdogo unaoujua peke yako, ili mwenye gari akurudie. Mafundi wote wa mtaani niliowafahamu walifanya hivyo, na walikula kwa sababu hiyo. Mimi nilishindwa kuifuata mara moja tu, mjini Likasi.

Nilikuwa nimezurura miaka saba tangu nilipoacha shule mwaka wa pili wa sekondari, na nilikuwa nimechoka. Nilitaka kazi katika gereji ya kampuni ya shaba, yenye nyumba kambini na unga wa kila mwezi. Bila diploma, mlango ulikuwa mmoja: shefu, yaani mkuu wa idara pale kiwandani Shituru, aliyepewa gari la mfanyabiashara Mgiriki siku serikali ilipotwaa mali za wageni na kuzigawa. Lilikuwa gari dogo la mbio la Kijerumani, injini nyuma, halina maji wala rejeta. Linapozwa na hewa tu. Likipanda kilima linakohoa, likisimama linazimika. Lilikuwa limeishinda gereji nzima.

"Weye njo ule muntu wa kabureta?" shefu aliniuliza. "Ukitengeneza, miye mwenyewe nitakuingiza mu garaji. Ukiharibu, utalala ku polisi."

Msimamizi wa gereji, mwenye diploma yake ukutani, alikuja kunisimamia mikono mfukoni.

"Sitwayen, hii kazi ulisomaka wapi?" aliuliza, akiniita raia kwa Kifaransa kama serikali ilivyoamuru siku zile.

"Mu barabara, papa."

"Basi gari nayo itabakia mu barabara." Mafundi wake wakacheka.

Kwanza niliendesha nusu ya njia ya Kapolowe na kurudi. Hapo ndipo walipokosea: wao walipima asubuhi, injini ikiwa baridi. Injini ya namna ile ikipata moto hutanuka, na vyuma vyembamba vinavyotoka kwenye pedali kwenda kwenye kabureta mbili, moja kila upande, huvutika. Asubuhi pande zote zinafunguka pamoja. Saa sita upande mmoja umeshatangulia. Nikavichomoa vyuma injini ikiwa bado ya moto, vidole vikiungua. Nikatia ncha moja ya mpira mwembamba sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, nikasikiliza inavyovuta hewa: kushoto, kulia, kushoto tena. Nikageuza skrubu kidogo kidogo hadi pumzi zikalingana, kisha nikarudisha vyuma na kurefusha kile cha kulia.

Ilitosha kuacha nati moja bila kuikaza. Baada ya wiki mbili gari lingekohoa tena. Lakini injini ilikuwa inanguruma sawasawa, hata sarafu ingesimama juu yake, nami nikaikaza ile nati.

Nikafanya kosa kubwa zaidi. Msimamizi aliuliza, kwa upole safari hii, kwa nini nilianza kwa kuliendesha gari. Hakuna mtu mwenye diploma aliyewahi kuniuliza kitu. Nikamweleza yote, nikampa mpira asikilize mwenyewe mpaka akaitikia kwa kichwa.

"Kumbe ni ile tu," akasema.

Shefu alipanda kilima na gari, akarudi anatabasamu.

"Tumeliona tatizo, shefu," msimamizi akawahi. "Ilikuwa moto ya injini."

Niliuliza habari za kazi. Shefu alitazama viatu vyangu.

"Ku biro ya kazi wanaomba diploma. Kama gari inaanza tena kukohoa, nitakuita."

Nilingoja Likasi wiki tano, nikilala kwa dereva mmoja wa lori. Gari halikukohoa tena. Kila jioni lilinipita barabarani, likivuta vizuri kupita siku nilipoliacha.

Jumapili moja nililikuta nje ya kanisa, watu wako misani. Kifuniko cha injini hakikuwa na kufuli. Nikakifungua, spana mkononi, nikaishika ile nati. Nilikaa nayo hivyo mpaka wimbo wa mwisho ukaanza, kisha nikafunga kifuniko. Jumanne nikapanda behewa la mizigo kwenda Kolwezi.

Sijivunii. Sikufikiria haki wala dhambi. Nilishindwa tu kuharibu kitu nilichokisikia kikiwa sawa. Msimamizi alistaafu akiwa na nyumba. Mimi bado nalala kwa watu.