Saa ya Milimani Sandukuni

Saa ile nilikuwa naipenda kupita kiasi, nakiri. Niliinunua kwa Padre wetu hapa Litapunga, aliyekuwa akipanda nayo milima ya theluji huko kwao Ulaya. Ni ya chuma kizito, uso wa kijani, na mishale yake inang'aa gizani.

"Katekista, hii haitiwi ufunguo," aliniambia. Mimi nikaelewa kwamba haitaki kitu chochote.

Kitu kizuri namna ile nitakivaaje shambani? Jumatatu nikaifunga kwenye leso, nikaiweka sandukuni ingoje Jumapili.

"Baba Yohana, si uivae tu?" mke wangu akaniuliza. Nikamwona hajui thamani ya vitu.

Jumapili kulipambazuka na mawingu mazito. Nikaivaa, nikainua mkono, na mshale wa sekunde ukaanza kutembea kwa madaha. Saa mbili kasoro dakika kumi! Misa ni saa mbili. Nikakimbilia kengele, nikaipiga kwa nguvu zangu zote.

Watu wakaja mbio. Mwenyekiti wa kijiji alifika na kaunda suti aliyokosea vifungo. Padre akatoka na povu la sabuni kidevuni.

"Sasa hivi ni saa kumi na mbili na nusu," akasema, akanishika mkono. "Saa hii umeivaa lini?"

"Leo, Padre. Tangu Jumatatu nimeitunza sandukuni."

"Lakini inaendeshwa na mwendo wa mkono! Ukiilaza, inasimama."

Wote wakanitazama mkono. Mke wangu akapaza sauti: "Kumbe iliyolala ni saa, tulioamshwa ni sie!"