Kigari cha Kwenda Hola

Nafundisha Hola, na nyumba yangu iko Garsen. Mwaka huu safari ya kila siku ilinilazimu kuuza pikapu iliyokuwa ikinywa petroli kama maji, nikarudia kigari changu kidogo cha zamani.

Asubuhi ya kwanza, pale Wenje, nilimkuta yule mama wa Kiorma niliyezoea kumbeba na mitungi yake ya maziwa, maana magari ya abiria humkataa. Alikitazama kigari, akacheka.

"Mwalimu, gari kubwa wapi?"

"Nimeuza, mama. Petroli imenishinda."

Tulijaribu hivyo hivyo. Mitungi miwili iliingia kwenye buti, mmoja akaupakata, mingine akamwachia dada yake. Tulipofika Hola maziwa yalikuwa yamemwagika kitini. Aliyafuta kwa mtandio wake huku akiniomba radhi, na mimi ndiye niliyeona aibu.

Kesho yake hakuwepo. Baadaye nilisikia ameacha kwenda Hola, anauza maziwa kijijini kwao, ambako karibu kila mtu ana ng'ombe wake.

Siku hizi petroli hainisumbui. Lakini nikikaribia Wenje bado hupunguza mwendo, nikaangalia kando ya barabara, kisha nikaendelea peke yangu.