Kosa la Uzito

Kabla sijawa dereva wa lori huku Dallas, nilisoma sheria Uingereza kwa miaka miwili. Somo lililonikera kuliko yote lilihusu makosa ambayo mahakama haiulizi ulikusudia nini. Ukiuza nyama iliyooza, umeuza. Kama hukujua, shauri yako. Nilibishana na mwalimu wangu hadi akaniambia nikae chini. Sikujua kwamba siku moja nitakuwa mimi ndiye muuza nyama.

Asubuhi moja nilichukua trela la vigae kwenye ghala moja Houston. Lilikuwa limeshafungwa na kutiwa lakiri, muhuri ambao dereva haruhusiwi kuukata, na karatasi ilionyesha uzito unaoruhusiwa. Ghalani hapakuwa na mizani. Iliyokuwa karibu ilikuwa maili sita mbele, kwenye kituo cha malori, nami nikaelekea huko kupima. Polisi akanisimamisha kabla sijafika. Akatandika mizani yake ya kubebeka chini ya magurudumu, akaandika.

"Umezidisha," akasema.

"Ndiyo kwanza naenda kupima."

"Lakini uko barabarani."

Nyumbani mke wangu, ambaye ni nesi, alikuwa ametoka zamu miguu imemvimba. Aliisoma ile karatasi ya mashtaka, akairudisha mezani.

"Kubali kosa yaishe, baba watoto. Kila dereva hufanya hivyo."

"Nimekosa nini?"

"Mimi sijui sheria. Najua umechoka."

Binti yetu akadakia kwa Kiingereza chake cha Texas: kama baba hakujua, wanamshtaki kwa nini? Nilimwambia hilo ndilo swali nitakalowauliza.

Texas hata kesi ndogo kama hiyo unaweza kudai isikilizwe na juri. Nikadai. Karani akanitazama kana kwamba nimeomba kulala pale mahakamani.

Siku ya kesi raia sita wa juri waliketi upande mmoja, mimi peke yangu upande wa pili, nimevaa suti ya kanisani. Mwendesha mashtaka, kijana mpole, aliniuliza swali moja tu la maana.

"Lori lilizidi uzito, au halikuzidi?"

"Lilizidi. Sasa niulize ningejuaje."

"Sina haja ya kuuliza hilo."

"Basi nitajijibu mwenyewe." Nikawageukia wale sita. "Trela limefungwa. Karatasi inadanganya. Mizani iko maili sita. Nikibaki ghalani, sijui uzito. Nikitoka kwenda kuujua, nimeshavunja sheria. Niambieni, ningekanyaga wapi?"

Hakimu alinikatiza, lakini si kwa ukali. Aliwaambia wanajuri kazi yao ni kuamua kama lori lilizidi uzito, basi.

Walinitia hatiani kabla ya nusu saa kwisha, wakanipa adhabu ndogo kabisa waliyoruhusiwa. Nje, kwenye maegesho, mama mmoja wa juri alinifuata.

"Samahani. Hatukuwa na la kufanya."

"Mlikuwa nalo. Mngeweza kusema sina hatia," nikamwambia. Sikumwambia kwa hasira. Lakini sikumpa msamaha alioutafuta.

Wiki iliyofuata nilipangiwa ghala lilelile. Nilisimama mbele ya meneja, funguo mkononi, nikamwambia trela lenye lakiri silitoi getini mpaka lipimwe humo ndani. Akasema nitarudi Dallas mikono mitupu. Nikamwambia sawa. Nyuma yangu, kwenye lori lake, alikuwa dereva mmoja Mkongo anayeishi Gulfton, mtaa wa hapo Houston. Aliuliza kuna nini, nikamweleza. Akazima injini. Dereva Mtanzania wa Stafford, mji wa jirani, naye akazima yake. Kufikia saa sita mchana malori saba yalikuwa yamejipanga kimya, na meneja anapiga simu huku jasho linamtoka.

Siku hiyo nilirudi mikono mitupu kweli. Mke wangu alinipakulia chakula. Mwezi haukuisha, wakaleta mizani ghalani. Hatia yangu ingali kwenye rekodi. Kila ninapojaza fomu ya kazi naiandika, na chini yake naongeza sentensi moja ambayo hakuna aliyeniomba: sikujua, na nilikuwa njiani kwenda kujua.