Haukuwa Upepo wa Baiskeli

Kina mama, asalaam aleikum. Aliyenialika hapa Sharpstown, kwenye kikao hiki cha wagonjwa na jamaa zao, aliniomba nizungumze kwa upole, niwatie watu moyo, nishukuru, kisha nikae. Moyo nitawatia na shukrani nitatoa, lakini upole sina. Na wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, yule pale aliyekaa mbele, anajua kwamba nitamtaja. Nilimwambia jana, akasema atakuja tu.

Naitwa Mwanaisha, mzaliwa wa Mombasa. Ninaishi Euless, mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka hapa, na kazi yangu ni kupanga mizigo kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikiiendesha baiskeli ya kaka yangu zaidi kuliko yeye mwenyewe. Nilipovunja ungo nikaambiwa basi, sasa wewe ni mwari, na nikaacha. Nikaolewa, nikazaa, nikaja Marekani, nikanenepa. Mwaka 2017 daktari alinipima presha, akapima tena kwa kudhani mashine imeharibika. Akaniandikia vidonge na kuniambia nifanye mazoezi. Nikanunua baiskeli.

Mume wangu Salim ni dereva wa lori la masafa marefu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama mzima, na baibui?" Nikamwambia baibui litabaki kabatini, nitavaa suruali pana na kanzu fupi, na mtandio nitaubana chini ya helmeti. Nilianza kwa kuzunguka maegesho ya nyumba tunazopanga. Baadaye nikawa naenda nayo kazini kwa njia za ndani. Mwisho nikajiunga na timu ya wanawake wanaoendesha pamoja kila Jumamosi, jua liwake, baridi iume. Presha ikashuka. Nikawa napanda ngazi bila kuhema. Zuhura, anayeishi Missouri City, karibu na hapa, alikuwa akinipigia simu kila wiki: "Wifi, upepo huo utakuja kukuua." Mimi nilikuwa nikimcheka.

Januari ya 2019 alikuja kukaa kwetu. Jumamosi niliendesha na timu, upepo wa kaskazini ukitukata nyuso. Jumapili alfajiri nikaamka vizuri tu, nikaenda kutawadha. Nikafungua bomba, mkono wa kulia ukagoma kuteka maji. Nikasukutua kwa maji ya mkono wa kushoto, yakachuruzika upande mmoja wa mdomo bila mimi kuyahisi. Mguu ukakunjika. Nikaanguka kati ya choo na ukuta, na nikajikojolea pale pale. Nilitaka kuita jina la Zuhura. Ilitoka sauti kama ya ng'ombe.

Zuhura akaja mbio, akaniona uso umepinda. Unajua alisema nini? "Upepo! Si nilisema mimi?" Kwetu pwani uso ukipinda hivyo, watu husema umepigwa na upepo.

Akaniburuta mpaka kitandani. Akanivua nguo zilizolowa, akanifunika mablanketi, akafunga dirisha. Akanipaka mafuta ya habasoda usoni na mkononi, akinisugua kwa nguvu zake zote. Kisha akampigia maalim wake Mombasa, simu ya picha, akaishikilia juu ya uso wangu ili anisomee. Maalim akasoma. Akamaliza, akaombwa arudie, akarudia.

Kisomo sina ugomvi nacho. Mimi mwenyewe nasoma. Ugomvi wangu ni ile simu! Ilikuwa mkononi mwake. Simu iliyovuka bahari ikafika Mombasa ingeshindwa kufika 911, kuita ambulensi? Nilikuwa naitazama, iko karibu na pua yangu, na mkono wangu mzima, wa kushoto, umefungwa ndani ya blanketi. Nilijaribu kusema "piga." Zuhura akanifuta mate. "Tulia wifi, utatoka tu huo upepo."

Salim akapiga kutoka Oklahoma, na nilimsikia kwenye spika. "Dada, waonaje, tuite daktari?"

"Daktari ajua nini na upepo? Watamchoma sindano afe! Mwenye upepo hachomwi sindano, wajua weye."

Halafu mume wangu, mtu niliyemzalia mtoto, akasema, "Haya, fanya ujuavyo."

Nikalala hivyo tangu alfajiri hadi jua la adhuhuri. Binti yetu Rukia, anayesoma chuo, alikuwa amelala kwa rafiki yake. Aliporudi alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Auntie, hii ni stroke! Mme-call 911?"

"Punguza sauti, maalim yuasoma."

Rukia hakupunguza. Nilimsikia akiwapa watu wa ambulensi anwani yetu huku akilia, na wakafika upesi hata machozi hayajakauka. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Walikuwa karibu vile muda wote.

Hospitali, daktari mwanamke alitaka kujua jambo moja tu: ilianza lini? Rukia akamgeukia shangazi yake. Zuhura akajibu, "Alfajiri." Daktari akaeleza kwamba hiki ni kiharusi na kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni, lakini dawa hiyo ina saa zake, na saa zenyewe zimepita. Nilikuwa nasikia. Wote walidhani sisikii kwa sababu sisemi.

Sitawaficha yaliyofuata. Nilivishwa nepi. Nililishwa uji na maji yaliyotiwa unga yawe mazito, maana maji mepesi yalikuwa yakinipalia. Udenda ulinidondokea kifuani mbele ya vijana waliokuja kunipima. Maneno yalirudi moja moja, na la kwanza kutoka sawasawa lilikuwa tusi. Muuguzi alipiga makofi bila kujua nimesema nini.

Na wageni! Tulivyo sisi, mgonjwa haachwi peke yake, na nawashukuru waliokuja na mahamri na thermosi za chai. Lakini kila aliyeketi alisema lile lile: "Pole, upepo wa baiskeli huo." Siku moja Rukia alimwomba daktari arudie mbele yao. Daktari akasema ni presha iliyokaa mwilini miaka mingi kabla sijaanza kutibiwa, na kwamba bila yale mazoezi huenda ningeletwa mapema zaidi, tena nisitoke. Wageni wakaitikia kwa vichwa. Nje mlangoni nikawasikia: "Hawa wazungu upepo hawaujui."

Nilirudi nyumbani naburuta mguu. Salim alikuwa ameifunga baiskeli yangu kwa mnyororo kwenye kibaraza na ufunguo anao mfukoni. Sikuwa na maneno ya kutosha kugombana. Katika mazoezi ya viungo kulikuwa na baiskeli ile isiyokwenda popote. Kijana wa mazoezi alinifunga mguu wa kulia kwenye pedali kwa mkanda. Mguu wa kushoto ukasukuma, wa kulia ukafuata kama mzigo. Tukafanya hivyo wiki baada ya wiki. Kisha siku moja nikahisi paja la kulia linasukuma lenyewe, kidogo tu. Nikamwambia kijana, "Fungua mkanda." Akafungua. Mguu ukazunguka. Nililia kwa sauti na wala sikuona haya.

Jioni hiyo nikamwomba Salim ufunguo.

"Wataka nikuzike, Mwanaisha?"

"Ulishanizika," nikamwambia, na ulimi haukukwama hata mara moja. "Ulinizika uliposema fanya ujuavyo."

Akakaa kitandani, akaweka ufunguo juu ya shuka. Kesho yake alinishikia kiti cha baiskeli pale maegeshoni, jitu zima la lori linakimbia kando yangu likitweta. Nilianguka, goti likachubuka mpaka nyama nyeupe. Nikaanguka tena. Siku zikapita, akaachia kiti.

Mkono wa kulia haukupata nguvu ya kukamata breki. Fundi wa baiskeli akaziunganisha breki zote mbili kwenye mkono wa kushoto. Kwa hiyo baiskeli yangu sasa inasimama kwa mkono mmoja, na kwa baiskeli hiyo nilirudi kazini, nusu siku kwanza, halafu siku kamili.

Baridi ya Desemba ilipoingia, nikaiambia timu narudi. Zuhura alikuwa amekuja tena. Asubuhi hiyo alisimama mlangoni na mtandio wake mkononi, anataka kunifunga usoni. "Na upepo huu, wifi?" Nikampita. Njiani baridi iliukunja mkono wangu mbovu ukawa ngumi, na chozi la jicho la kulia lilikuwa likitoka bila ruhusa. Wenzangu wakanizunguka, wawili mbele wakinikinga. Kiongozi wetu akapiga kelele, "Mwanaisha, unaweza?" Nikamwambia asiniulize tena. Tukamaliza safari yote.

Mwezi uliopita Zuhura alinipigia kutoka Missouri City. Jirani yake, mama mtu mzima kutoka Lamu, alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka, uso ukapinda. Watu wa nyumba wakataka kumsugua mafuta. Zuhura akawasukuma, akapiga 911 yeye mwenyewe. Yule mama akapata dawa ndani ya saa zake. Baada ya siku chache alirudi nyumbani kwa miguu, na sasa anakanda unga wa chapati kwa mikono yote miwili.

"Nimefanya vizuri, wifi?" Zuhura akaniuliza.

Nikamwambia umefanya vizuri sana. Nikakata simu, nikaupiga mto wa kitandani ngumi za mkono wa kushoto mpaka Rukia akaja kunishika. Nilikuwa nafurahi kwa ajili ya yule mama, wallahi. Lakini kumbe aliweza! Kumbe lilikuwa jambo la kubonyeza vitufe vitatu!

Namshukuru Mungu aliyenibakizia pumzi. Namshukuru binti yangu aliyekataa kupunguza sauti, na Salim aliyekimbia kando ya baiskeli. Wagonjwa mlio hapa, mliolazwa upande mmoja kama nilivyolazwa mimi, msikubali kuambiwa kaa chini. Mwili unasikia ukiuambia kila siku. Na ninyi wenye afya, mkiona uso wa mwenzenu umepinda, mkono umelegea, maneno yamechanganyika, pigeni simu kwanza. Kisha someni, pakeni mafuta, lieni, fanyeni mpendavyo.

Najua mtaniuliza kama nimemsamehe Zuhura. Asubuhi ya leo ndiye aliyenifunga vifungo vya kanzu hii, kimoja kimoja, kwa kuwa mimi siwezi. Nikamwacha afunge mpaka cha mwisho.