Mpiga Pasi Ajifunza Kuganda

Mpiga pasi wa duka la dobi la Central Avenue hajatulia tangu Los Angeles imjue. Ukimpa chupa ya maziwa akushikie, atakurudishia siagi. Goti linacheza, vidole vyenye makovu ya moto vinapapasa vifungo visivyokuwepo, na sauti yake inafoka kama mvuke hata anapokuuliza hali. Sasa mpwa wake Vernell anaolewa Jumamosi, na amemwambia wazi: asiyejua kuganda, ule mtindo wa kucheza kisha kukakamaa ghafla kama sanamu, haingii kwenye mstari wa wachezaji, atakaa na vikongwe kwenye meza ya sharubati. Hilo mpiga pasi hataki hata kulisikia. Basi redio ya dukani inanguruma muziki wa fanki katikati ya suruali zilizotundikwa, na Vernell anamwonyesha: tupa mikono chini, inama kidogo, viwiko nje kama umebeba ndoo mbili, ganda. Anatupa, anainama, goti linajiendea zake. "Anko, nimesema ganda, sijasema chemka!" Ernestine, mshonaji, anacheka mpaka pini zinamtoka mdomoni. "Mfunge kamba huyo!" Anarudia, anarudia tena, jasho linadondokea kola za watu. Mara viwiko vikashika, kiuno kikashika, na goti, ajabu, likanyamaza. Hata mvuke wa pasi ulisita kutoka. Wimbo ukaendelea bila yeye. "Umeipata!" Vernell akapiga makofi. "Haya, toka kwenye kuganda, tuendelee." Hakutoka. Midomo tu ndiyo iliyosogea, na sauti ilikuwa ndogo, ngeni kabisa. "Ngoja, mwanangu, usiniharakishe. Sijawahi kufika huku."