Mashine Nzito ya Michezo

Juzi mwanangu alikuwa akichagua vipuri vya kompyuta yake ya michezo kwenye simu. Nikajikuta nimekunjua kiganja, nikitaka kuvipima.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utoto wangu: dukani Kahama palinukia udi na plastiki mpya, na jenereta ilinguruma nje. Mwenye duka, mzee wa Kihindi, alituwekea mezani mashine mbili za michezo ya televisheni, bei moja. Sikutulia. Nilisimama mara mguu huu, mara ule, nikimvuta baba shati.

"Baba Kulwa, chukua hii nyepesi," mzee alisema. "Ile nzito inasumbua."

Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu. Alizipima mikononi, macho kayafumba, kama alivyopima mawe yake. "Cha maana hakiwi chepesi, mzee."

Mimi niliamini uzito ule ni michezo yenyewe, imejazana ndani. Kwenye basi niliipakata wima njia nzima, isije ikamwagika.

Siku ya tatu ilizima, betri ya gari tuliyowashia televisheni ikiwa bado na chaji. Baba aliifungua kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na vidude vichache vya umeme na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi, cha kuongeza uzito tu.

Nilingoja atukane. Akakipima kiganjani.

"Kulwa," alisema, "yule mzee alituambia kweli, nami nikamwona mwizi anayenisukumia ile hafifu."

Asubuhi alipanda basi kurudi Kahama, chuma mfukoni, kwenda kuomba radhi.